Eddie Robinson wa Grambling: Ushindi 408 na Mlango Uliofunguliwa wa Mwisho

Eddie Robinson anapotajwa katika historia ya futiboli ya Kimarekani, mambo mawili hutangulia kusemwa. La kwanza ni hesabu: michezo 408 aliyoshinda, 165 aliyopoteza na 15 aliyotoka sare, yote akiwa kocha wa Grambling, chuo cha Wamarekani weusi kilichoko kaskazini mwa jimbo la Louisiana. La pili ni uaminifu wake kwa chuo hicho, alikoingia mwaka 1941 akiwa kijana wa miaka 22 na kutoka mwaka 1997 akiwa mzee wa miaka 78. Mwenyewe alipenda kusema kwamba rekodi yake ya kweli ni kuwa na kazi moja na mke mmoja kwa zaidi ya nusu karne. Sifa zote mbili anastahili. Hata hivyo, zikisomwa bila kuangalia sheria na desturi za nchi aliyoishi, zinaficha jambo zito zaidi. Robinson alijenga timu kubwa kwa sababu wachezaji wake hawakuwa na pengine pa kwenda. Akatumia maisha yake kuwatafutia njia ya kwenda kwingine. Na njia hiyo ilipofunguka, vijana walianza kuipita timu yake bila kugeuka. Mlango wa makocha weusi, ambao ungempa yeye mwenyewe nafasi ya kuchagua, ulifunguliwa baada ya mingine yote.

Msomaji aliyezoea soka huenda akashangaa kuona mchezo wa wanafunzi ukipewa uzito huu. Nchini Marekani vyuo vilianza kucheza futiboli mwaka 1869, nusu karne kabla ya kuanzishwa kwa ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 1920, na hadi leo baadhi ya viwanja vya vyuo huchukua watazamaji zaidi ya 100,000. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa futiboli wa chuo kikuu cha jimbo. Kocha anayefanikiwa hupanda ngazi kutoka chuo kidogo hadi kikubwa, na kila anapohama hupata mshahara mnono zaidi, wasaidizi wengi zaidi na wachezaji bora zaidi. Huo ndio mfumo ambao Robinson aliishi pembeni yake kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, kwa kuwa majimbo ya Kusini yalikuwa na mifumo miwili ya elimu, mmoja wa Wazungu na mwingine wa weusi, na ngazi niliyoitaja ilikuwa ya upande mmoja tu.

Alizaliwa Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Familia ilihamia Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo, ambako Robinson alisoma shule ya sekondari ya McKinley. Mji huohuo ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, chenye mojawapo ya timu zenye wafuasi wengi Kusini, lakini kijana mweusi hakuweza kukichezea. Wachezaji weusi wa kwanza wa futiboli waliingia LSU mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo Robinson alikuwa amefundisha kwa miaka 30. Yeye alikwenda Leland, chuo kidogo cha Kibaptisti cha watu weusi, akacheza huko na kuhitimu. Kabla ya kupata ajira ya ukocha alikuwa akifanya kazi katika kinu cha kusaga chakula cha mifugo kwa senti 25 kwa saa.

Chuo kilichomwajiri mwaka 1941 hakikuwa hata na jina la Grambling. Kiliitwa kwa jina refu la taasisi ya ualimu na ufundi ya watu weusi ya Louisiana, kikiwa kimeanzishwa mwaka 1901 ili kuwafundisha kilimo na kazi za mikono watoto wa wakulima. Mshahara wa Robinson ulikuwa dola 63.75 kwa mwezi. Cheo chake kilikuwa ukocha, lakini kazi zilizofuatana na cheo hicho zinaeleza hali ya chuo kuliko bajeti yoyote ile. Alikata nyasi za uwanja na kuchora mistari kwa mkono wake. Aliwafunga wachezaji vitambaa vya vifundo vya miguu kabla ya mchezo, na mchezo ulipokwisha aliandika taarifa yake ili ipelekwe magazetini. Msaidizi wake wa kwanza alikuwa mlinzi wa usiku wa chuo. Timu iliposafiri, alitayarisha mikate ya kubeba ndani ya basi, kwa kuwa mikahawa ya barabarani haikuruhusu weusi kuketi na kula. Kocha wa chuo cha Wazungu kilomita chache kutoka hapo alifikiria mbinu za Jumamosi. Robinson alifikiria mbinu hizohizo na pia mahali ambapo vijana thelathini wangeweza kujisaidia njiani bila kukamatwa na polisi.

Msimu wa kwanza alishinda michezo mitatu na kupoteza mitano. Msimu wa pili, mwaka 1942, timu yake ilishinda michezo yote tisa bila kuruhusu hata pointi moja. Katika ngazi yoyote ya mchezo huu hilo ni jambo la nadra mno, na halikuandikwa kwa upana kwa sababu magazeti makubwa hayakuwa yakifuatilia vyuo vya weusi. Kisha vita vikaingilia kati. Wanafunzi wengi wa kiume waliandikishwa jeshini, na chuo hakikuwa na timu mwaka 1943 wala 1944, hivyo Robinson akafundisha shule ya sekondari ya hapo Grambling. Ni katika kipindi hicho ambapo mkulima mmoja aliwatoa wanawe wawili katika timu ili wakamsaidie kuvuna pamba. Robinson hakubishana naye. Aliwachukua wachezaji waliobaki, wakaingia shambani pamoja naye, wakavuna pamba hadi ikaisha, na wale ndugu wawili wakarudi uwanjani. Nimekitafakari kisa hiki kuliko ushindi wake wowote, kwa sababu ndani yake mbinu yake yote tayari imekamilika: kumtambua anayeshikilia uamuzi, kuielewa shida yake ya kweli, na kuimaliza kwa jasho hadi asiwe na sababu ya kukataa.

Mbinu hiyo aliihamishia katika ligi ya kulipwa. NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu mwaka 1934 hadi 1945, na ilipoanza tena kuwapokea mwaka 1946 iliwachukua wale waliotoka katika vyuo vikubwa vyenye wanafunzi mchanganyiko. Vyuo vya weusi vilihesabiwa kuwa havina kiwango. Mwaka 1949 Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la utani la Tank, alisajiliwa na Los Angeles Rams moja kwa moja kutoka Grambling, akawa wa kwanza kutoka chuo cha aina hiyo kuingia NFL. Hakuwa amechaguliwa katika uteuzi rasmi wa wachezaji chipukizi; alipewa nafasi ya kujaribiwa tu. Robinson alimweleza kabla hajaondoka kwamba akishindwa, haijulikani mwingine angepata nafasi lini, kwa maana watasema wamemchukua aliye bora kuliko wote na bado hakufaa. Ni mzigo mkubwa kumtwika kijana anayekwenda kutafuta ajira. Younger aliubeba, akacheza miaka tisa na Rams, na kuanzia hapo wasaka vipaji wakawa na sababu ya kufunga safari hadi Louisiana ya kaskazini.

Ingekuwa kosa kuueleza ustawi uliofuata kana kwamba ulitokana na mtu mmoja. Rais wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, aliyekiongoza tangu 1936 hadi 1977, alikuwa mwenyewe kocha wa besiboli na aliona mapema kwamba michezo ingeweza kukitangaza chuo ambacho jimbo lilikinyima fedha. Collie Nicholson, aliyekuwa mwandishi wa habari katika kikosi cha wanamaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliajiriwa kuandika habari za timu na kuzisambaza kwa magazeti ya Wamarekani weusi kutoka pwani moja hadi nyingine. Ni Nicholson aliyeelewa kwamba timu isiyo na uwanja mkubwa inaweza kucheza katika viwanja vya wengine. Mwaka 1968 Grambling ilicheza na Morgan State katika Yankee Stadium mjini New York mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000, na mwaka 1976 vyuo hivyo viwili vilikwenda kucheza Tokyo. Kuanzia mwaka 1974 mchezo wa kila mwaka dhidi ya Southern, chuo kingine cha weusi cha Louisiana, ulifanywa tamasha kubwa mjini New Orleans, na tamasha hilo lipo hadi leo.

Hata hivyo, msingi wa yote ulikuwa vijana wenyewe, na hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kuwa makini. Kati ya miaka ya 1950 na mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana mweusi wa Louisiana, Mississippi au Texas mwenye kipaji cha hali ya juu hakuweza kuzichezea timu kubwa za Kusini hata kama makocha wake wangemtaka. Angeweza kwenda mbali kaskazini au magharibi, au angebaki karibu na nyumbani katika chuo cha weusi. Ubaguzi uliwakusanya mahali pachache wachezaji ambao, katika mfumo wa haki, wangetawanyika katika vyuo vingi. Robinson alijua kuwafundisha, lakini sheria ya ubaguzi ndiyo iliyowaleta kwake kwa wingi huo. Miongoni mwao walikuwa Willie Davis, aliyekuja kuwa nahodha wa ulinzi wa Green Bay Packers katika enzi ya ubingwa wao. Buck Buchanan, aliyekuwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uteuzi wa AFL, ligi ya kulipwa iliyoshindana na NFL wakati huo, mwaka 1963. Willie Brown na Charlie Joiner. Wote wanne wamo katika jumba la heshima la wachezaji wa kulipwa. Kwa jumla wachezaji zaidi ya 200 wa Robinson walifika ligi za kulipwa, idadi ambayo vyuo vyenye bajeti mara nyingi zaidi vingejivunia.

Kulikuwa na nafasi moja ambayo hata wachezaji hao hawakuruhusiwa kuigusa, nayo ni ya kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi, anayesoma ulinzi wa wapinzani kwa sekunde chache na kuamua kama atarusha, atakabidhi au atakimbia. Wamiliki na makocha wa NFL walimkubali mchezaji mweusi kama mkimbiaji au mlinzi, mahali walipodhani panahitaji nguvu na kasi. Nafasi ya kufikiri na kuongoza waliihifadhi kwa Mzungu. Waliocheza kwotabeki vyuoni walibadilishwa nafasi walipofika ligini. Marlin Briscoe, aliyeanza michezo kadhaa kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968 na kufanya vizuri, mwaka uliofuata alijikuta Buffalo akiwa mpokeaji wa mipira.

Robinson alilichukulia jambo hili kama kazi ya kupangwa. Mtangazaji Howard Cosell alipomhoji katika miaka ya 1960 kuhusu sababu ya vyuo vya weusi kutotoa kwotabeki wa kulipwa, swali hilo lilimkaa moyoni. Mwaka 1965 alimsajili James Harris, kijana mrefu mwenye mkono wenye nguvu kutoka Monroe, mji ulio jirani na chuo, na akamfundisha kwa namna ambayo wasaka vipaji wasingeweza kudai kwamba hakuandaliwa. Alimfundisha kurusha akiwa amesimama nyuma ya ukuta wa wenzake, kama timu za NFL zilivyotaka, na kusoma ulinzi wa wapinzani. Harris alipokataa kubadilishwa nafasi, aliachwa hadi raundi ya nane ya uteuzi wa mwaka 1969, ndipo Buffalo Bills wakamchukua. Amesimulia kwamba alikata tamaa na kutaka kuacha, na kwamba Robinson alimsihi aende, lakini akamwonya kwamba akienda asirudi kusema ameshindwa kwa sababu ya weusi wake. Septemba mwaka huohuo Harris akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza mchezo wa ufunguzi wa msimu katika futiboli ya kulipwa. Miaka mitano baadaye aliiongoza Los Angeles Rams hadi hatua ya mwisho kabla ya fainali.

Onyo lile kwa Harris lina ukali ambao msomaji wa leo anaweza kuuona kama ukatili, na nakiri kwamba linanisumbua. Ubaguzi ulikuwepo, ulikuwa dhahiri, na kumzuia mtu kuutaja ni kumfunga mdomo. Lakini nikiuangalia muktadha wake, naliona kama ushauri wa mtu aliyejua kwamba malalamiko ya mchezaji mweusi mwaka 1969 hayangesikilizwa na yeyote mwenye uwezo wa kuyashughulikia, na kwamba yangegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya atakayefuata. Robinson hakuwahi kuwa mtu wa maandamano. Wapo wanafunzi wake waliomlaumu kwa hilo katika miaka ya mapambano ya haki za kiraia, alipohubiri uzalendo na imani kwa Marekani huku polisi wa Kusini wakiwapiga watu mitaani. Lawama hiyo ina uzito. Ninachoweza kusema ni kwamba imani yake haikumfanya akae kitako. Kwa karibu nusu karne aliidai nchi yake itekeleze ahadi zake, akiidai kupitia mchezaji mmoja baada ya mwingine.

Dai lililolipwa kwa uwazi zaidi lilikuwa la Doug Williams. Alitoka Zachary, nje kidogo ya Baton Rouge, na mwaka 1977, msimu wake wa mwisho Grambling, alishika nafasi ya nne katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo nchini. Joe Gibbs, aliyekuwa kocha msaidizi wa Tampa Bay, alitumwa Grambling kumchunguza, akarudi na taarifa iliyoifanya timu yake imchague katika raundi ya kwanza ya mwaka 1978. Williams aliitoa Tampa Bay mkiani na kuifikisha katika mechi za mtoano, kisha akaondoka kwa mgogoro wa mshahara, akapita katika ligi nyingine iliyokufa, na hatimaye Gibbs, ambaye sasa alikuwa kocha mkuu wa Washington, akampa nafasi ya akiba. Tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego, alianza katika Super Bowl, fainali ya NFL, dhidi ya Denver. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 10 bila, naye mwenyewe alikuwa ameumia goti, robo ya kwanza ilipokwisha. Katika robo ya pili peke yake Washington ilifunga pointi 35, na Williams alirusha pasi nne zilizozaa tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Matokeo yalikuwa 42 kwa 10, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza na kushinda mchezo huo.

Robinson alikuwa uwanjani siku ile. Williams amesimulia kwamba kocha wake wa zamani alimwambia kuwa yeye ni kijana mno kuelewa alichokifanya, kisha akamlinganishia na usiku wa mwaka 1938 ambapo bondia mweusi Joe Louis alimwangusha Mjerumani Max Schmeling na Wamarekani weusi kote nchini wakatoka mitaani kushangilia. Kwa mtu aliyekuwa na umri wa miaka 19 usiku ule, ulinganisho huo ulitoka katika kumbukumbu yake mwenyewe.

Nirudi kwenye hesabu. Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View pointi 27 kwa 7, na Robinson akafikisha ushindi wa 324, mmoja zaidi ya Paul Bryant, kocha wa zamani wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliyejulikana kama Bear. Mjadala ulianza papo hapo na haujaisha. Wapo waliosema kwamba ushindi dhidi ya vyuo vidogo vya weusi hauwezi kuwekwa mizani moja na ushindi dhidi ya Tennessee au Georgia. Hoja hii inaonekana nzuri hadi mtu aulize kwa nini Robinson hakucheza na Tennessee. Vyuo vya Kusini vya Wazungu havikukubali kukutana na vya weusi, na baadhi ya majimbo yaliweka sheria au desturi za kuzuia hata timu zao kucheza na timu za kaskazini zenye mchezaji mweusi. Mtu hawezi kumzuia mwenzake asiingie uwanjani na kisha kumlaumu kwa kutocheza humo. Zaidi ya hapo, kipimo kilichobaki, yaani ligi ya kulipwa ambako wachezaji wa pande zote mbili walikutana, hakikuonyesha kwamba wachezaji wa Grambling walitoka katika mchezo dhaifu.

Ulinganisho wake na Bryant una maana nyingine ambayo husahaulika. Bryant alianza kama kocha mkuu wa Maryland mwaka 1945, akahamia Kentucky mwaka uliofuata, Texas A&M mwaka 1954 na Alabama mwaka 1958. Kila hatua aliichagua. Alipokwenda Alabama alisema mama yake, yaani chuo alichosoma, amemwita nyumbani. Hakuna aliyeona kwamba kuhama kwake kulikuwa ukosefu wa uaminifu, kwa sababu ndivyo kazi ya ukocha ilivyo. Robinson, aliyeshinda michezo mingi kuliko Bryant, alibaki mahali pamoja, na kubaki huko kukaitwa tabia njema. Mimi naamini kwamba aliipenda Grambling kwa dhati na kwamba huenda angebaki hata kama angeitwa kwingine. Lakini kocha mkuu mweusi wa kwanza katika daraja la juu la vyuo, Willie Jeffries, aliajiriwa na Wichita State mwaka 1979, Robinson akiwa na miaka 60. Katika NFL, baada ya Fritz Pollard wa miaka ya 1920, hakukuwa na kocha mkuu mweusi hadi Art Shell alipoteuliwa na Los Angeles Raiders mwaka 1989, Robinson akiwa na miaka 70. Uaminifu hupimwa pale mtu anapoweza kuondoka. Robinson hakupewa kipimo hicho katika miaka ambayo angeweza kukifanya, na kumsifu kwa kukishinda ni kuwasamehe kimyakimya waliomnyima.

Wakati huohuo, mlango wa wachezaji ulikuwa umekwisha kufunguka. Septemba 1970 timu ya Southern California, yenye weusi wengi, ilikwenda Birmingham na kuifunga Alabama 42 kwa 21, na mkimbiaji wao mweusi Sam Cunningham akawatesa walinzi wa Bryant usiku kucha. Simulizi ya kwamba mchezo ule mmoja uliubadilisha Kusini imetiwa chumvi, kwa kuwa Alabama ilikuwa tayari imemsajili Wilbur Jackson, mchezaji wake mweusi wa kwanza wa ufadhili, na Kentucky ilikuwa imemchezesha mchezaji mweusi tangu 1967. Mabadiliko yenyewe, hata hivyo, yalikuwa ya kweli na ya haraka. Katika muda wa miaka kumi hivi, vijana ambao wangekwenda Grambling walianza kwenda LSU, Alabama na Texas, kwenye viwanja vikubwa, vyumba vya mazoezi vya kisasa na michezo inayoonyeshwa na televisheni kila wiki. Hakuna mzazi anayeweza kulaumiwa kwa hilo. Robinson aliendelea kushinda mataji, akafikisha mataji 17 ya kanda na kutambuliwa mara tisa kama bingwa wa taifa wa vyuo vya weusi, lakini orodha ya wachezaji wake waliochaguliwa na NFL ilizidi kuwa fupi.

Miaka yake ya mwisho haikuwa mizuri. Alishinda mchezo wa 400 Oktoba 1995, lakini msimu huo ulimalizika kwa hasara, na misimu miwili iliyofuata alishinda michezo mitatu tu kwa kila mmoja. Mwishoni mwa 1996 uongozi wa chuo ulitaka kumwondoa. Wanafunzi wa zamani na wanasiasa wakapiga kelele, akaruhusiwa msimu mmoja wa kuaga. Alikaa zaidi ya wakati wake, na timu iliumia. Naona, hata hivyo, kwamba haikuwa rahisi kwa mtu aliyekijenga chuo kwa mikono yake kuona mpaka kati ya kazi yake na nafsi yake. Nafasi yake ilichukuliwa na Doug Williams. Robinson alipatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki tarehe 3 Aprili 2007 mjini Ruston.

Yaliyotokea baadaye yanathibitisha kwamba tatizo halikuwa uzee wa kocha. Mwaka 2013, baada ya jimbo la Louisiana kukata bajeti ya elimu ya juu kwa miaka kadhaa, wachezaji wa Grambling waligoma kusafiri kwenda kucheza na Jackson State. Walilalamikia vifaa vibovu, ukungu katika majengo yao, safari za basi za masaa mengi hadi majimbo ya mbali, na kufukuzwa kwa Williams, aliyekuwa amerudi kuwafundisha. Miaka 72 baada ya Robinson kuajiriwa, safari ndefu ya basi ilikuwa bado ni malalamiko.

Kisha akaja Deion Sanders. Nyota huyo wa zamani wa NFL alichukua ukocha wa Jackson State, chuo cha weusi cha Mississippi, mwaka 2020, akashinda michezo 27 na kupoteza 6, na Desemba 2021 akamshawishi Travis Hunter, aliyehesabiwa na wengi kuwa kijana bora kuliko wote nchini, aje kwake badala ya kwenda chuo kikubwa. Mwaka mmoja baadaye Sanders aliondoka kwenda Colorado kwa mshahara wa mamilioni ya dola, Hunter akamfuata, na mwaka 2024 Hunter akatwaa Heisman akiwa na jezi ya Colorado. Wengi walimhukumu Sanders kwa kumlinganisha na Robinson: mmoja alibaki, mwingine amekimbia. Hukumu hiyo siikubali. Sanders alifanya alichokifanya Bryant, na alikifanya kwa sababu mlango ambao Robinson hakuukuta wazi sasa uko wazi. Swali linalopaswa kuulizwa linawahusu wabunge wa Louisiana na Mississippi na wanaogawa mapato ya televisheni: kwa nini chuo cha weusi bado ni mahali ambapo kocha hodari lazima achague kati ya kukipenda na kulipwa kama wenzake. Robinson aliishi na swali hilo kwa miaka 57, na katika muda wote huo hakuna mwenye mamlaka aliyemjibu.